Kuchukua usimamizi wa jengo la fleti Uingereza: hesabu, notisi na siku ya makabidhiano

Katika England na Wales, wenye fleti wakishikamana wanaweza kumwondoa wakala anayesimamia jengo lao na kulisimamia wenyewe. Hawalazimiki kuthibitisha kosa la mtu. Paa linaweza kuwa halivuji, lifti ikawa nzima na vitabu vya hesabu vikawa safi. Wakitaka kuchukua, watachukua. Na mwenye jengo halipwi fidia yoyote. Haki hiyo imo katika sheria ya Commonhold and Leasehold Reform ya mwaka 2002. Ilianza kutumika England tarehe 30 Septemba 2003, Wales ikafuata mwaka 2004, na watu wa huko huiita kwa herufi tatu tu: RTM, yaani Right to Manage, haki ya kusimamia.

Waswahili walionunua fleti London, Leicester au Reading wanaijua bili ya ada ya huduma inavyopanda kila mwaka bila maelezo ya maana. Vikao vya majirani huanza hapo, na huanza kwa hasira. Kwa RTM hasira haina kazi. Sheria haiulizi nani mbaya. Inauliza mko wangapi, mmemwandikia nani, na barua ilifika lini. Madai mengi yanayokwama hukwama kwenye hesabu na anwani, na wanaojuta baada ya kushinda hujutia pesa ambazo hawakuzifuatilia mapema.

Majina kwanza. Fleti nyingi za huko huuzwa kwa lizi: unanunua haki ya kukaa miaka 99, 125 au hata 999, huku ardhi na kuta zikibaki mali ya mtu mwingine. Huyo hapa tutamwita mwenye jengo, na aliyenunua lizi ni mwenye fleti. Katikati yao yupo wakala anayekusanya ada ya huduma, anayekata bima na kuita mafundi. Huteuliwa na mwenye jengo, hulipwa kwa pesa za wenye fleti. Mtu asiyemlipa mfanyakazi hana sababu kubwa ya kumbana, na hiyo ndiyo kasoro ambayo RTM ilitungwa kuirekebisha.

Wengine huichanganya haki hii na kununua jengo lenyewe. Kununua ni njia nyingine, yenye mthamini, mvutano wa bei na maelfu ya pauni. RTM haigusi umiliki. Lizi zinabaki na miaka ileile, kodi ya ardhi inaendelea kwenda kwa mwenye jengo, na fleti haiongezewi hata siku moja. Kinachohama ni kazi: matengenezo, huduma, bima na usimamizi wa kila siku.

Hesabu kabla ya kikao

Jengo lazima liwe limesimama peke yake, au liwe sehemu inayoweza kukatwa wima kutoka juu hadi chini, ikajengwa upya bila kugusa sehemu ya jirani, na yenye maji na umeme wake au inayoweza kutenganishiwa bila usumbufu mkubwa kwa wengine. Ghorofa ya maegesho iliyo chini ya majengo mawili ndiyo huwaharibia wengi. Jengo moja linaonekana limesimama peke yake, kumbe msingi wake unaingia chini ya mwenzake. Kama michoro ina shaka, mlipeni mpima majengo atoe maoni kwa maandishi kabla hamjaandika notisi yoyote. Ni nafuu kuliko kubishana mbele ya baraza, yaani chombo cha kisheria kinachoamua migogoro hii.

Lazima ziwepo fleti mbili au zaidi zenye lizi ndefu, yaani iliyotolewa tangu mwanzo kwa zaidi ya miaka 21, na fleti za namna hiyo ziwe angalau theluthi mbili ya fleti zote. Maduka na ofisi za chini hazizuii, mradi zisizidi kiwango. Kwa zaidi ya miaka 20 kiwango hicho kilikuwa asilimia 25 ya eneo la ndani bila kuhesabu korido na ngazi. Sheria ya marekebisho ya mwaka 2024 ikakipandisha hadi asilimia 50 kuanzia tarehe 3 Machi 2025. Kama jengo lenu lilikataliwa zamani kwa sababu ya supamaketi ya chini, pimeni upya.

Yapo yaliyo nje kabisa. Jengo ambalo mwenye fleti wake yeyote mwenye lizi ndefu amepangishwa moja kwa moja na halmashauri ya mtaa haliingii katika njia hii. Nyumba ya zamani iliyogawanywa fleti zisizozidi nne, huku mwenye jengo au mtu wa familia yake akiishi humo, nayo haimo. Na jengo ambalo vipande vyake vilivyojitenga vina wamiliki tofauti wa ardhi linakwama pia.

Kisha ije hesabu ya wanachama. Siku ya kutoa notisi ya madai, yaani barua rasmi ya kudai usimamizi, wanachama wa kampuni mtakayoiunda kwa kazi hii lazima wawe na angalau nusu ya fleti zote za jengo. Fleti zote, si nusu ya zile zenye lizi ndefu. Jengo la fleti 18 linahitaji 9. La fleti 15 linahitaji 8, kwa kuwa 7 na nusu haipo. Kama wenye sifa, yaani wenye lizi ndefu, ni wawili tu, wote wawili waingie. Mtu mwenye fleti tano anahesabiwa kwa zote tano, kwa hiyo mwekezaji anayeishi Dubai na hajawahi kuja kikaoni anaweza kuwa kura muhimu kuliko jirani anayepiga kelele kila wiki. Mtafuteni mapema.

Lizi ikiwa na majina mawili, mke na mume au ndugu wawili, fomu ya uanachama isainiwe na wote wawili. Saini moja haitoshi, na mwanasheria wa upande wa pili huanzia kuchimba hapo hapo. Usikusanye majina kwa kubisha milango. Nenda kwa msajili wa ardhi mtandaoni ukanunue rejista ya kila fleti na ya jengo lenyewe. Tangu Desemba 2024 nakala moja ni pauni 7, kwa hiyo jengo la fleti 18 ni rejista 19, pauni 133. Ndani yake utakuta majina kamili, tarehe ya lizi, muda wake na siku ulipoanza. Notisi ya madai itahitaji hayo yote, na yatakiwa kuandikwa kama yalivyo kwenye rejista, si kama watu wanavyoitana kwenye ngazi.

Rejista itakuonyesha pia mambo ambayo kikao hakikujua. Mwenye fleti namba 6 alifariki na mirathi haijafunguliwa. Namba 11 imeuzwa lakini mnunuzi bado hajasajiliwa. Kati ya mwenye jengo na wenye fleti yupo mmiliki wa kati mwenye lizi ya juu, ambaye hakuna anayemfahamu. Fleti iliyouzwa mpelekee barua muuzaji na mnunuzi wote wawili, na msiiweke katika hesabu ya kufikisha nusu. Kwa jumla, anayeanza akiwa na nusu kamili anaanza vibaya. Tafuteni wawili watatu wa ziada, maana fleti huuzwa katikati ya safari.

Kampuni na barua mbili

Haki hii haishikwi na kamati wala chama cha wapangaji. Inashikwa na kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kiasi kidogo kama dhamana, na jina lake lazima liishie na maneno RTM Company Limited. Katiba yake haitungwi. Kwa England imeandikwa katika kanuni za mwaka 2009 na inatumika kama ilivyo. Ukichukua katiba ya kawaida ya kampuni kutoka mtandaoni, umesajili kitu ambacho si kampuni ya RTM. Wakurugenzi wawili au watatu wanatosha. Tangu Novemba 2025 kila mkurugenzi mpya anathibitisha utambulisho wake kwa msajili wa makampuni kabla ya usajili kupita, kwa hiyo pasipoti ziwe karibu.

Barua ya kwanza ni notisi ya mwaliko. Inakwenda kwa kila mwenye fleti mwenye sifa ambaye si mwanachama na hajakubali kuwa mwanachama. Lengo la sheria ni kwamba asiwepo atakayesema alitengwa. Fomu yake imewekwa kisheria na inataka namba ya kampuni, ofisi yake, majina ya wanachama na wakurugenzi, na jina la mwenye jengo. Kuna kipengele kimoja cha kuchekesha: usipoambatanisha katiba ya kampuni, lazima utaje mahali ambapo watu watakwenda kuisoma, kwa saa zisizopungua mbili, katika siku zisizopungua tatu, mojawapo ikiwa Jumamosi au Jumapili, zote ndani ya siku saba baada ya notisi. Ambatanisha katiba, yaishe.

Barua hiyo ipelekwe kwenye fleti yenyewe, isipokuwa kama mhusika ameiarifu kampuni anwani nyingine. Tumia posta, uchukue cheti cha kutuma kutoka kaunta kwa kila bahasha, na uweke daftari lenye jina, anwani, tarehe na namba ya cheti. Cheti hicho hakina malipo, nacho huokoa madai mengi kuliko hoja yoyote ya kisheria. Barua ya kusainiwa usiitegemee peke yake: asiyetaka kuipokea ataiacha irudi.

Zipite siku 14 kamili, ndipo notisi ya madai itolewe. Hii inakwenda kwa mwenye jengo, kwa mmiliki yeyote wa kati, kwa kampuni ya usimamizi iliyotajwa kwenye lizi kama upande wa tatu, na kwa msimamizi aliyeteuliwa na baraza kama yupo. Nakala inakwenda kwa kila mwenye fleti mwenye sifa, awe mwanachama au la. Anwani ya mwenye jengo itafute kwenye bili ya mwisho ya ada ya huduma, kwa kuwa sheria inamlazimu kuiandika pale. Ikitofautiana na ya rejista, tuma kote. Mwenye jengo akiwa hajulikani alipo, baraza linaweza kutoa amri badala yake.

Ndani ya notisi kuna tarehe mbili ambazo wengi huzipanga kwa haraka mno. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kujibu, isiyopungua mwezi mmoja tangu notisi ipokewe. Ya pili ni siku ya kuchukua usimamizi, isiyopungua miezi mitatu baada ya hiyo ya kwanza. Ukikosea kwa siku moja kwenda chini, umempa mwenye jengo zawadi. Ukizidisha kwa siku kumi hakuna anayelalamika.

Zipange kwa kurudi nyuma. Lizi nyingi zinataka ada ilipwe tarehe 25 Machi na 29 Septemba. Tuseme mnataka bili ya Septemba iwe yenu. Wekeni siku ya kuchukua kuwa 22 Septemba. Siku ya mwisho ya kujibu isizidi 22 Juni, na kwa usalama andikeni 12 Juni. Notisi ya madai basi iwe imefika ifikapo 1 Mei, na mialiko iwe imetumwa kabla ya 10 Aprili. Mkichukua jengo wiki moja baada ya siku ya kulipa, ada ya nusu mwaka itakuwa imekwisha kuingia akaunti ya wakala wa zamani, nanyi mtaanza kazi mkiwa mikono mitupu huku mkimwandikia barua za kumwomba.

Mwenye jengo akipinga

Akinyamaza au akikubali, usimamizi unahama siku iliyoandikwa, bila hakimu wala amri ya mtu. Akikataa, lazima ataje kifungu ambacho anadai hakikufuatwa. Hapo kampuni ina miezi miwili tangu siku ya jibu lake kwenda kwenye baraza, First-tier Tribunal kwa England. Miezi miwili ikipita bila maombi, madai yanahesabiwa yameondolewa. Yapo majengo yaliyokuwa na haki kabisa yakapoteza hapa, kwa sababu katibu alidhani mazungumzo ya barua pepe na mawakili yanasimamisha saa. Hayasimamishi. Kampuni ikishinda, siku ya kuchukua ni miezi mitatu baada ya uamuzi kuwa wa mwisho.

Pingamizi za kiufundi zimepungua nguvu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Elim Court, ilikataa kuangusha madai kwa dosari ndogo za karatasi. Agosti 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Tudor Studios, ilikataa kuyabatilisha kwa sababu tu mmiliki mmoja wa kati hakupelekewa notisi, kwa kuwa alipata nafasi ya kuyasema yake yote barazani. Msichukue hukumu hizo kama ruhusa ya kulegea. Waliozishinda walizunguka mahakamani miaka mingi, na kila ngazi ilikuwa na bili yake.

Habari njema nyingine ilikuja pamoja na mabadiliko ya 3 Machi 2025. Kabla ya hapo kampuni ililazimika kumlipa mwenye jengo gharama zake za kisheria za kuikagua notisi, hata pale iliposhinda. Sasa kwa kawaida kila upande unajilipia. Hii imefanya kuondoa notisi yenye kasoro na kuanza upya kuwa jambo la wiki chache, wala si msiba. Kumbuka tu kwamba notisi ya pili haiwezi kutolewa juu ya jengo lilelile wakati ya kwanza bado hai.

Mambo mawili yamekwisha kuamuliwa na hayana mjadala. Tangu kesi ya Triplerose ya mwaka 2015, kampuni moja inasimamia jengo moja. Mtaa wenye majengo manne unahitaji kampuni nne. Na tangu Januari 2022, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Settlers Court, kampuni haipati bustani, barabara na geti zinazotumiwa na majengo mengine ya mtaa huohuo. Hizo zinabaki kwa msimamizi wa zamani, naye anaendelea kuzitoza. Kwenye mitaa mipya ambayo nusu ya bili ni bustani na geti, pigeni hesabu upya kama faida inabaki.

Miezi mitatu ya kusubiri

Kipindi hiki watu hukichukua kama mapumziko, na ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote. Mwenye jengo bado ni msimamizi halali na anaendelea kutumia pesa. Kampuni tayari ina haki ya kuomba taarifa, na kila ombi liwe kwa maandishi.

Ombeni hesabu za ada ya huduma za miaka iliyopita, taarifa ya benki ya mfuko wa akiba, orodha ya wanaodaiwa, mikataba yote, vyeti vya umeme wa maeneo ya pamoja, tathmini ya hatari ya moto, ripoti ya asbesto kama jengo ni la kabla ya mwaka 2000, kumbukumbu za ukaguzi wa lifti, na historia ya madai ya bima ya miaka mitano. Ombeni pia funguo za chumba cha mita, namba za siri za milango na programu ya intakomu. Programu ya intakomu husahaulika kila mara, kisha kadi mpya haiwezi kutengenezwa na fundi wa zamani hapokei simu.

Kuhusu pesa, sheria inamtaka msimamizi wa zamani akabidhi ada iliyokusanywa na haijatumika, baada ya kutoa gharama zilizoingiwa kabla ya siku ya makabidhiano. Someni vizuri: iliyokusanywa. Fleti namba 3 ikiwa na deni la pauni 3,000 siku hiyo, pauni hizo hazimo katika makabidhiano, kwa sababu hazipo mkononi mwake. Anatakiwa kulipa siku ya kuchukua au mapema iwezekanavyo baada yake, na wengi hulipa kwa kuchelewa wakisema wanafunga hesabu. Baraza linaweza kuamua kiasi. Wala msisubiri kuona: andikeni wiki nne kabla kuomba tarakimu, na mkiwa na taarifa ya mfuko wa akiba ya mwaka uliotangulia, mnajua takriban kinachotakiwa kufika.

Mfano wa fleti 18 zinazolipa pauni 2,400 kwa mwaka. Bajeti ni pauni 43,200. Bima inaweza kula 9,000, na inatakiwa kuwa hai tangu dakika ya kwanza ya siku ya makabidhiano, kabla bili ya kwanza haijalipwa na mtu. Ndiyo maana vikundi vilivyojipanga hukopesha kampuni: wanachama 12 kwa pauni 500 kila mmoja ni 6,000, inayorudishwa ada ikiingia. Bima iliyobaki huombwa kwa awamu. Akaunti ya benki ifunguliwe siku kampuni inaposajiliwa. Benki huchukua wiki nyingi kwa kampuni isiyo na mapato, na pesa za ada ni amana ya wenye fleti, haziruhusiwi kuchanganywa na za mtu.

Bima yenyewe iwe kwa gharama ya kulijenga upya jengo, wala si bei ya soko ya fleti. Thamani hiyo ikiwa ya zamani, mpima majengo aipange upya, maana jengo lililokatiwa nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara hata kama kilichoungua ni jiko moja. Ongezeni bima ya wakurugenzi.

Mikataba ya usafi, lifti na bustani haihami yenyewe. Wakandarasi hupelekewa notisi kwamba msimamizi anabadilika, nanyi mnaamua kusaini nao upya au kuleta wengine. Kama jengo lina bawabu aliyeajiriwa, huenda ajira yake ikahamia kwenu pamoja na miaka yake yote ya kazi. Muulizeni mwanasheria wa ajira kabla, si baada.

Na wakala? Jengo la fleti sita linaweza kuendeshwa na majirani wenye subira na karatasi ya hesabu. Kupita fleti kumi, ajirini wakala wenu. Tofauti ni kwamba sasa mnaweza kumfukuza. Mkataba wake usizidi miezi 12, kwani ukizidi na ukimgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, lazima mwende kwenye mashauriano rasmi.

Baada ya funguo

Kampuni sasa inabeba mzigo uleule wa mwenye jengo. Kazi ya ukarabati ambayo itamgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250 inahitaji mashauriano ya kifungu cha 20 cha sheria ya Landlord and Tenant ya mwaka 1985: notisi ya nia, siku 30, makadirio, siku 30 nyingine. Mkiruka, kila mmoja anadaiwa pauni 250 tu na kilichobaki hakina mlipaji. Kama wote 18 wanachangia sawa, kikomo ni pauni 4,500. Lakini lizi nyingi hazigawi sawa. Fleti kubwa ya juu ikichangia asilimia 8, kikomo kinashuka hadi pauni 3,125, kwa sababu anayelipa zaidi ndiye anayepima. Gharama isiyodaiwa wala kuarifiwa ndani ya miezi 18 nayo haidaiki tena. Na kila bili iambatane na muhtasari wa haki za mwenye fleti ulioandikwa na serikali. Bila karatasi hiyo mtu anaweza kukataa kulipa kihalali.

Moto ni wenu pia. England, jengo linalozidi urefu wa mita 11 linakaguliwa milango ya moto ya maeneo ya pamoja kila miezi mitatu, na juhudi zote zifanywe kukagua milango ya fleti kila miezi 12. Ukaguzi wenyewe si wa kitaalamu sana. Fungua mlango nusu uuachie: urudi wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie kwenye fremu. Ukisimama kabla, mkono wa juu umelegea au zulia jipya linauzuia. Chukua sarafu ya pauni moja, unene wake unakaribia milimita 3, uipitishe kwenye mwanya wa pembeni na juu. Ikipwaya, mwanya umezidi. Angalia ukanda uliochomekwa pembezoni, unaofura kwa joto na kuziba mwanya. Mafundi rangi hupaka juu yake na brashi za kuzuia moshi zikakakamaa. Hesabu skrubu za bawaba. Andika namba ya mlango, tarehe na ulichokiona.

Jengo lenye mita 18 au ghorofa saba ni habari nyingine. Chini ya sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022, kampuni inaweza kuwa ndiyo inayowajibika kwa mdhibiti wa serikali wa usalama wa majengo, na wakurugenzi wake ni majirani wasiolipwa. Kama kuta zina paneli zinazowaka na haijulikani nani anagharamia kuziondoa, ningesubiri hilo likae sawa kwanza.

Wapo wasiolipa, na hapa kampuni ni dhaifu kuliko aliyeitangulia. Haiwezi kutishia kumnyang'anya mtu lizi. Nguvu hiyo imebaki kwa mwenye jengo. Inakwenda mahakamani kudai pesa kama mdai mwingine yeyote. Ombi la kupangisha au kubadilisha kuta linaamuliwa na kampuni, ila mwenye jengo aarifiwe siku 30 kabla ya ruhusa kwa mambo ya kupangisha, kuhamisha au kubadilisha jengo, na siku 14 kwa mengineyo. Tangu siku ya kuchukua, yeye mwenyewe ana haki ya kuwa mwanachama na kupiga kura. Msishangae akija kikaoni.

Wenye fleti wa Nairobi wataona tofauti na kwao: chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, shirika la wamiliki huzaliwa mpango wa sehemu unaposajiliwa, wala halisubiri nusu yao wajikusanye. England bado unalipigania jengo moja moja.

Na kampuni inahitaji karatasi zake kila mwaka hata kama haina mapato yake: taarifa ya uthibitisho na hesabu kwa msajili wa makampuni. Katibu akihama na barua zikaenda fleti ya zamani, msajili huifuta kampuni. Ikifutwa, usimamizi unarudi kwa mwenye jengo siku hiyohiyo, na kwa miaka minne inayofuata hakuna kampuni nyingine inayoweza kudai jengo hilo bila kuliomba baraza liondoe kizuizi. Ofisi ya kampuni iandikwe kwa mhasibu au wakala, siyo kwenye fleti ya mtu.